Kadi ni Mlango Mmoja, Fedha ni Mlango Mwingine

Somo kwa watu wenye ulemavu na kwa wale wanaowatunza

Somo letu la juma hili ni juu ya msaada ambao Serikali ya Kenya huwapa watu wenye ulemavu, na njia ya kuuomba. Tutalitazama jambo hili kama linavyoonekana kutoka Tulia, katika kaunti ya Kitui. Mtu wa mjini akikosea karatasi moja aweza kuirekebisha siku ile ile, lakini mtu wa Tulia akikosea hupoteza siku nzima, na nauli ya kwenda na kurudi juu yake. Haya tutakayosema yawafaa pia wasomaji wa Makueni na wa kaunti nyingine zote, kwa kuwa sheria ni moja.

Na tuanze kwa mfano. Mfano huu tumeutunga, lakini twadhani kila msomaji aijua nyumba inayofanana nao. Kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto wa miaka 9 asiyeweza kukaa mwenyewe wala kujilisha. Siku moja mama huyu akasikia sokoni kwamba Serikali yatoa fedha kwa watu wenye ulemavu. Akambeba mtoto mgongoni, akapanda gari mpaka mji wa Kitui, akaingia katika ofisi ya kwanza aliyoiona. Akaambiwa arudi na karatasi ya daktari. Akarudi nayo, akaambiwa haikutiwa sahihi zote. Baada ya safari ya nne akapata kadi. Akaenda nyumbani amefurahi, akazingoja fedha. Mwaka ukapita, fedha hazikuja. Akasema, "Wamenidanganya."

Mama huyu hakudanganywa, bali hakuelezwa. Alikuwa amegonga mlango mmoja, na fedha alizozingoja hutoka katika mlango mwingine. Hilo ndilo neno kubwa la somo hili, na msomaji akilisahau jingine lolote, hili asilisahau.

HAKI, WALA SI SADAKA

Zamani msaada kwa watu wenye ulemavu ulikuwa kazi ya jamaa, makanisa, misikiti na vyama vya hiari. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo cha Kenya kilianzishwa mwaka 1958. Mwaka 1980 ulitangazwa kuwa mwaka wa watu wenye ulemavu katika Kenya, na michango ikakusanywa nchi nzima. Kazi hizo zilikuwa njema, ila mwenye kupokea alipokea kwa hisani ya mwenye kutoa.

Mambo yalibadilika sheria ilipoingia. Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2003, na kwa sheria hiyo likaundwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2008 Kenya iliukubali rasmi Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu hao. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kifungu cha 43 chaiamuru Serikali iwape ulinzi wa jamii watu wasioweza kujitegemea wao na wanaowategemea. Kisha mwaka 2025 ikatungwa sheria mpya ya watu wenye ulemavu, ikachukua mahali pa ile ya mwaka 2003.

Kwa nini twayaeleza haya kabla ya kufika kwenye karatasi? Kwa sababu mtu anayeamini kwamba aomba sadaka huona haya kuuliza swali la pili. Lakini anayejua kwamba afuata haki yake huuliza kwa adabu, na hukaa mpaka apate jibu.

KWA NINI OFISI NI NYINGI

Watu wengi hunung'unika kwamba hutumwa huku na huku. Sababu yake ni hii. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, hospitali kama ile ya rufaa ya Kitui ziko chini ya kaunti. Lakini Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ni la Serikali Kuu. Chifu na naibu wake ni watumishi wa Serikali Kuu pia. Na fedha za kila mwezi, ambazo watu huziita fedha za Inua Jamii, hutolewa na Serikali Kuu kwa njia ya wizara inayosimamia ulinzi wa jamii.

Basi daktari hana fedha za kukupa, na afisa wa Baraza hawezi kukupima. Ukiijua kazi ya kila mmoja, hutamwomba mtu kitu asichokuwa nacho.

MLANGO WA KWANZA: KADI

Kadi ya ulemavu ni ushahidi wa Serikali kwamba mtu amepimwa na kuandikishwa. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, tayarisha hati za mtu. Mtu mzima awe na kitambulisho cha taifa. Mtoto awe na cheti cha kuzaliwa, na mzazi au mlezi awe na kitambulisho chake. Mtoto aliyezaliwa nyumbani na hana cheti, mzazi aanze kwa naibu wa chifu, kwa maana ndiye anayeandika habari za vizazi vya nyumbani. Tazama majina kwa makini. Jina likiandikwa Mwikali katika hati moja na Mwikale katika nyingine, mashine haitajua kwamba ni mtu mmoja, na kazi itasimama. Rekebisha jambo hilo kabla ya kupanda gari.

Pili, nenda ukapimwe. Upimaji hufanywa katika hospitali za serikali zilizoidhinishwa kwa kazi hiyo, ambazo kwa kawaida ni zile kubwa, kama hospitali ya rufaa mjini Kitui, au ile ya Wote kwa watu wa Makueni. Si kila hospitali hupima, wala si kila siku ya juma. Kwa hiyo uliza kwanza katika zahanati ya karibu, au kwa mhudumu wa afya wa kijiji, ujue siku ya kupima ndipo uende. Chukua karatasi zote za matibabu ya zamani, hata zilizochakaa.

Hapa pana shauri ambalo wengi hawapewi. Wazazi wetu wana moyo wa kustahimili, nao hawapendi kumsema mtoto wao vibaya mbele ya mgeni. Daktari akiuliza, "Aendeleaje?" mama hujibu, "Hajambo, anajaribu." Jibu hilo ni la adabu, lakini halimsaidii mtoto. Mpimaji ataka kujua siku ya kawaida ilivyo. Nani humlisha? Nani humwogesha? Usiku huamka mara ngapi? Aweza kwenda msalani mwenyewe? Aweza kuachwa peke yake muda wa kuchota maji? Yaseme hayo kama yalivyo. Usiongeze, kwa maana uongo hujulikana. Usipunguze pia, kwa maana mpimaji huandika anachokiona na anachoambiwa.

Tatu, hakikisha karatasi imekamilika. Kabla ya kutoka hospitalini, itazame au mpe anayejua kusoma aitazame. Je, jina ni sawa? Aina ya ulemavu imeandikwa? Sahihi na mihuri ipo? Uliza, "Je, baada ya hapa inatakiwa sahihi nyingine?" Swali hilo moja huokoa nauli ya safari nzima.

Nne, andikishwa na Baraza. Baraza lina maofisa katika kaunti zote 47. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kwa njia ya eCitizen, yaani mtandao wa Serikali, na asiye na simu ya kufaa aweza kusaidiwa katika Huduma Centre au na afisa wa Baraza. Ukisaidiwa na kijana wa duka la kompyuta, mlipe kazi yake, lakini usimwachie neno lako la siri wala kitambulisho chako. Kuandikishwa na Baraza hakuna malipo. Mtu akikutaka fedha mahali popote katika safari hii, uliza kwa upole ada hiyo imewekwa na nani, na udai risiti. Mwenye haki ya kutoza hataogopa kuandika risiti.

KADI YAFUNGUA NINI

Kadi peke yake haileti fedha. Kazi yake ni kukuwezesha kuomba mambo mengine, na kila jambo lina ombi lake.

Baraza husimamia Hazina ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu. Kutoka hazina hiyo watu huweza kuomba vyombo vya kuwasaidia, kama viti vya magurudumu, magongo na vifaa vya kusikia. Wanafunzi huweza kuomba msaada wa karo, na vikundi vya watu wenye ulemavu huweza kuomba mtaji wa kazi. Watu wenye ualbino huweza kupata mafuta ya kuikinga ngozi na jua, nayo katika jua la Ukambani si anasa, ni kinga ya saratani.

Mfanyakazi mwenye ulemavu aliyeandikishwa aweza kusamehewa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Lakini hata hapo kadi haitoshi. Ni lazima aombe cheti kwa Mamlaka ya Ushuru, na cheti hicho kina mwisho wake, kisha huombwa upya. Mwalimu au karani akidhani kwamba kadi imemaliza yote, ataendelea kukatwa kodi miaka na miaka.

MLANGO WA PILI: FEDHA ZA KILA MWEZI

Sasa tufike katika mlango ambao mama wa mfano wetu hakuujua. Mwaka 2011 Serikali ilianzisha mpango wa fedha kwa watu wenye ulemavu mkali. Fedha hizo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima ni shilingi 24,000. Hazitajenga nyumba, lakini katika nyumba ambayo mama hawezi kwenda kibarua kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto, hizo zaweza kuwa unga, sabuni na nauli ya hospitali.

Mpango huu si wa kila mwenye kadi. Umewekwa kwa ajili ya mtu ambaye ulemavu wake ni mkali hata ahitaji kutunzwa wakati wote, yaani kulishwa, kusafishwa na kulindwa na hatari, naye akiwa katika nyumba maskini. Tena asiwe anapokea fedha nyingine za Serikali za namna hiyo, wala pensheni. Fundi viatu asiyeona vizuri lakini anayejitegemea aweza kuwa na kadi halali, na bado asihesabiwe katika mpango huu. Kukataliwa kwake hakumaanishi kwamba kadi yake ni bandia.

Wala watu hawaandikwi kila siku. Nafasi huhesabiwa, na majina mapya huchukuliwa Serikali inapotangaza uandikishaji. Mwaka 2023, kwa mfano, Serikali ilitangaza kuongeza watu 500,000 katika mpango wote wa Inua Jamii, ambao ndani yake wamo wazee wa miaka 70 na zaidi, yatima, na watu wenye ulemavu mkali. Tangazo la namna hiyo hupitia kwa chifu na naibu wake na kwa maofisa wa maendeleo ya jamii. Asiyehudhuria mikutano ya chifu, wala hana jirani wa kumwambia, huenda akasikia habari uandikishaji umekwisha.

Basi fanya hivi. Usingoje tangazo. Nenda kwa naibu wa chifu wako sasa, umwonyeshe kadi na kitambulisho, umwambie, "Katika nyumba yangu yuko mtu wa namna hii. Uandikishaji ukitangazwa, naomba nijulishwe." Kisha nenda katika ofisi ya maendeleo ya jamii useme maneno yale yale, na uulize kama jina lake liko katika orodha yoyote. Uandikishaji unapokuja, maofisa huuliza habari za nyumba: watu wangapi, chakula, maji, mifugo, kazi. Jibu kweli tupu. Mtu akiambiwa afiche mbuzi wake wawili ili aonekane maskini zaidi, asikubali, kwa maana majirani huulizwa pia.

Mgonjwa asiyeweza kwenda kuchukua fedha mwenyewe huwa na mlezi anayezichukua kwa niaba yake. Mlezi awe yule yule anayelala na mgonjwa nyumba moja na kumwogesha, asiwe ndugu anayekaa mbali mjini. Mlezi akifa au akihama, toeni habari mapema kwa chifu na kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ili jina jingine liwekwe. Fedha ni za mwenye ulemavu, na mlezi ameshika amana.

Yafaa pia kusema wazi kwamba malipo yamekuwa yakichelewa mara nyingi, pengine fedha za miezi kadhaa zikaja pamoja. Kwa hiyo usikope dukani kwa kutegemea tarehe. Lakini ukiona majirani wamelipwa na wewe hukulipwa, usinyamaze. Nenda ukaulize juma lile lile.

DAFTARI LA NYUMBANI

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari dogo la mtoto wa shule. Kila unapokwenda ofisini andika tarehe, jina la ofisi, cheo cha uliyesema naye, na jambo alilokuambia. Toa nakala za kila karatasi, na karatasi yenyewe uitunze katika mfuko usiopenya maji, mbali na panya na moshi wa jikoni. Kama hujui kuandika, mpe kazi hiyo mtoto wa shule. Kwake itakuwa somo, na kwako itakuwa shahidi.

Na vikundi vya mwethya vilivyozoea kulima na kujenga matuta pamoja, mbona visifanye kazi hii pia? Nyumba tano zenye watu wenye ulemavu zikienda kupimwa siku moja, hukodi gari moja na nauli hugawanywa. Tena chagueni miezi ya kiangazi. Mvua za Oktoba zikianza, hakuna Mkamba atakayeacha shamba lake aende kupanga foleni.

UKIKATALIWA

Katiba, katika kifungu cha 47, yampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi ya Serikali unapoigusa haki yake vibaya. Basi ukikataliwa usiondoke na neno la mdomo tu. Sema, "Naomba sababu kwa maandishi, ili nijue la kurekebisha." Sababu ikiwa ni karatasi pungufu, irekebishe. Ukiona umekosewa, peleka malalamiko kwa afisa wa juu wa ofisi hiyo. Usipojibiwa, iko Tume ya Haki ya Utawala, ambayo kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya raia juu ya ofisi za Serikali, nayo haitozi ada. Nakala na daftari lako ndivyo vitakavyokusemea huko.

TUSIWAFICHE

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, watu wenye ulemavu wa miaka 5 na zaidi walihesabiwa kuwa kiasi cha 900,000 katika Kenya yote, yaani 2.2 katika kila watu 100. Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti ambazo kiwango hicho kilikuwa kikubwa zaidi. Lakini hesabu huandika wale wanaotajwa tu. Bado ziko nyumba ambazo mgeni akifika, mtoto mmoja hupelekwa chumba cha ndani, na akiulizwa baba idadi ya watoto wake husema wanne, nao ni watano.

Twaijua aibu hiyo na maneno ya majirani yanayoileta. Lakini mtoto asiyehesabiwa hatengewi kiti cha magurudumu wala nafasi ya shule, na mama yake hatengewi shilingi. Waliotutangulia walisema, "Hujafa hujaumbika." Yeyote kati yetu aweza kuanguka kutoka juu ya mwembe au juu ya pikipiki kesho asubuhi, naye akauhitaji mlango huu huu.

Mama wa mfano wetu tungemwambia nini leo? Tungemwambia kwamba safari zake nne hazikupotea. Kadi anayo. Sasa aichukue, aende kwa naibu wa chifu, agonge mlango wa pili.

MASWALI YA KUJIPIMA

Wanaosoma somo hili pamoja na waulizane haya:

1. Kwa nini mwenye kadi aweza kukosa fedha za kila mwezi bila kudanganywa na mtu?
2. Hospitali iko chini ya serikali gani, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu liko chini ya ipi?
3. Daktari akiuliza habari za mgonjwa, mlezi amweleze mambo gani?
4. Mlezi akihama, nani waambiwe?
5. Katika kijiji chenu, ni nani ambaye hajaandikishwa, na nani kati yenu atakwenda kumwambia kabla ya juma hili kwisha?